Kluska na Bakuli la Kutia

Milima ya Tatra, 12 Desemba 2006

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama na goti halikusumbui sana kwa baridi hii. Mimi ni mzima, ila mikono imepasuka kwa kuosha masufuria. Theluji imefika kwenye madirisha ya jikoni hapa kituoni, na wapanda milima wameanza kumiminika kwa ajili ya Krismasi. Wanakula kama wametoka jela.

Najua unamtazama mbwa wangu Kluska kwa jicho la pembeni tangu nilipomshusha kwenye basi. Baba, sikuwa na namna. Hifadhi hawaruhusu mbwa huku juu, na wewe ndiye mtu pekee ninayeweza kumwachia. Nakuomba asilale nje. Huyu si kama wale mbwa wako wa mnyororo, manyoya yake ni mafupi na hajazoea baridi ya huko kwetu. Chokoleti usimpe hata chembe, ni sumu kwake. Mifupa iliyopikwa usimpe, inamkwama kooni. Zile nyuzi za kung'aa za mti wa Krismasi zifunge juu kabisa, maana akizimeza zitamkata matumbo. Na vijana wakianza fataki za Mwaka Mpya, mfungie ndani na umwashie redio.

Nisalimie jirani yako, Bibi Stefania. Mwambie nimekumbuka maneno yake, nakula.

Mwanao akupendaye,
Jagoda


Olszyna, 18 Desemba 2006

Mwanangu Jagoda,

Marahaba, mama. Goti linauma kama kawaida yake, halina jipya. Mengine yote salama, namshukuru Mungu. Barua yako nimeisoma kwa sauti, na Kluska amesikiliza mpaka mwisho. Sasa anazijua haki zake na ananidai.

Siku ile ulipoondoka nilimweka bandani kwenye nyasi kavu, kama mbwa wote walivyolala katika boma hili. Hakubweka. Alikaa mlangoni akanitazama tu, mpaka nikajisikia mimi ndiye mkosaji. Basi yuko jikoni. Ni kwa muda tu, na usimwambie Stefania, maana mwaka jana nilimcheka kwa kulala na paka.

Sasa sikiliza haya. Jumamosi nilinunua samaki wetu wa Krismasi, mnene, mzima, nikamwachia kwenye bafu aogelee mpaka siku yake. Kluska akasikia maji yanatikisika. Akaweka miguu ya mbele ukingoni, akamtazama samaki, samaki naye akamtazama. Nikasema moyoni, wameelewana. Nilikuwa nimegeuka kuchukua taulo tu, nikasikia chubwi! Jagoda, kilichofuata sikielezi vizuri. Mbwa ndani, samaki ndani, na mimi nusu ndani nikiwa na suruali yangu ya kanisani. Mmoja wetu alipiga kelele kubwa, na hakuwa mbwa.

Wote watatu tu wazima. Mlango wa bafu sasa naufunga kwa ufunguo. Mti nao nimeufunga kwa kamba kwenye ndoano ya dari, kwa hiyo akiuvuta, nyumba nzima itakuja naye.

Baba yako,
Bogusław


Olszyna, 25 Desemba 2006

Mwanangu,

Heri ya Krismasi. Hujambo huko? Umekula vizuri? Hapa jana, usiku wa mkesha, ilikuwa sikukuu kweli, nami nilidhani ingekuwa matanga. Toka mama yako atutoke, sijawahi kukaa kwenye meza ile nikacheka. Jana nimecheka.

Stefania alikuja na maandazi yake, tukatimiza vyakula kumi na viwili kama inavyotakiwa. Tukavunja kaki ya baraka, ule mkate mwembamba wa Krismasi, tukatakiana heri, yeye akalia kidogo, mimi nikakohoa. Halafu nikachukua ile kaki ya rangi ya waridi, ya wanyama. Unakumbuka mama yako alivyokuwa akipeleka sahani zizini, kipande cha kila chakula na kaki juu yake, ili ng'ombe naye ajue leo ni siku gani? Ng'ombe hatuna tena. Nilisimama na sahani mkononi kama mjinga. Kisha nikamwona Kluska chini ya meza, ametulia, ameniamini.

Nikampa yote. Mifupa nilitoa, nimekusikia. Chokoleti haikuwepo. Bitiruti alizilamba, maandazi aliyameza bila kutafuna. Lakini kutia, ule uji wetu mtamu wa Krismasi, mwanangu! Ngano, asali, mbegu za mpopi, na zabibu nimezijaza vile mama yako alivyopenda. Alimaliza sehemu yake akaniangalia, nikampa bakuli langu lote. Alilisukuma kwa ulimi jikoni nzima mpaka likagonga jiko.

Watu wanasema wanyama hunena usiku wa Krismasi. Nilimsubiri. Alicheua tu.

Asante kwa kuniletea huyu mbwa. Nimelisema, basi.

Baba yako


Milima ya Tatra, 28 Desemba 2006

Baba,

Nisamehe, sina nafasi ya salamu. Barua yako imefika sasa hivi na mzigo wa viazi. Zabibu ni sumu kwa mbwa. Zinaua figo. Nilikuandikia chokoleti, nikakuandikia mifupa, zabibu sikuandika kwa sababu mimi mwenyewe nilisahau kwamba kwenye kutia zimo. Nimekula kutia maisha yangu yote na sikukumbuka.

Nimemwangukia mkuu wa kituo, nikamwambia tu kwetu kuna mgonjwa, hadi akaniruhusu kutumia simu ya uokoaji. Nyumbani inaita tu. Kwa Bibi Stefania inaita tu. Mko wapi? Baba, ikiwa anatapika, ikiwa amelegea, mpeleke kwa daktari wa mifugo mara moja, usingoje aone nafuu. Nimetaka kushuka, wamenizuia, mara tu viazi vilipofika njia imefungwa kwa hatari ya theluji kuporomoka. Mwokoaji mmoja anashuka na skii, nampa barua hii.

Hata kama habari ni mbaya niambie. Sikulaumu. Naapa sikulaumu, lakini niambie.

Jagoda


Mjini, 29 Desemba 2006

Mwanangu Jagoda,

Sijui nikusalimu vipi. Naandika nikiwa kwenye kiti cha kliniki ya wanyama, na Kluska yuko mbele yangu, na dripu mguuni. Yu hai. Nimeanza na hilo ili usiruke mistari.

Jioni ile ya Krismasi alianza kutapika. Asubuhi yake hakuinuka. Ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Stefano, kila kitu kimefungwa, na gari la Stefania peke yake ndilo lililowaka. Tukaenda kanisani, maana kijiji kizima kipo huko. Unajua siku hiyo ilivyo, watu kwa desturi wanamrushia padri shayiri, watoto wamejaza mifuko. Nikaingia katikati ya ile mvua ya nafaka na mbwa mikononi, kofia kichwani, nikapaza sauti, "Kuna daktari yeyote humu?"

Padri akaniambia, "Bogusław, vua kofia." Nikamwambia, "Padri, nina mikono miwili tu."

Akasimama binti wa mpiga kinanda, yule aliyesomea mifugo, amekuja likizo. Akauliza, "Amekula nini?" Nikamtajia vyakula vyote kumi na viwili mbele ya altare, kimoja kimoja. Nilipofika kwenye kutia akanikatiza. "Ilikuwa na zabibu?"

"Kutia gani isiyo na zabibu?" nikamjibu, tena kwa ukali, kama amenitukania mama.

Hapo akaniambia. Jagoda, kanisa zima lilisikia. Nusu yao walikuwa wamewapa mbwa wao sahani hiyohiyo. Misa haijaisha nikaona watu wanatoka mbio kwenda majumbani.

Yeye akaingia garini nasi, shayiri bado nyweleni, akampigia mwenye kliniki hii mpaka akafungua. Tangu hapo sijaondoka. Stefania ananiletea supu na kunikemea. Daktari amesema wazi kwamba figo zimegoma. Akikojoa, tumempata. Asipokojoa, nijiandae. Basi mimi, mzee mzima, nimekaa nasubiri mkojo wa mbwa, na sijawahi kutaka kitu hivi. Nje vijana walianza kulipua fataki mapema, nikatoka na soksi kwenye theluji kuwafukuza. Wamekwenda.

Nimeogopa, mwanangu. Nilimpa kwa upendo, na ndicho kinachoniuma. Sikukutumia telegramu kwa sababu sikujua niandike neno gani.

Nisamehe.
Baba yako


Milima ya Tatra, 31 Desemba 2006

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, shikamoo, na shikamoo tena. Barua yoyote uliyoniandikia bado iko chini huko, njia haijafunguliwa. Lakini leo saa ya chakula simu ya uokoaji ililia. Simu hiyo ikilia tunajua kuna mtu amepotea mlimani. Waokoaji wakaweka vijiko chini. Mmoja alikwisha kuvaa buti.

Mkuu wa kituo akapokea, akasikiliza, akaandika. Akasoma alichoandika, akawauliza tena watu wa posta waliopiga kama ndivyo. Kisha akageuka, uso umemwiva, akasoma kwa sauti mbele ya watu wote: "Telegramu ya Jagoda wa jikoni. Amekojoa. Mengi. Kwenye viatu vyangu. Baba."

Upawa ulinidondoka. Nilikaa sakafuni, kwenye maji ya viazi, nikalia na kucheka kwa pamoja, na wageni ambao hawakuelewa kitu wakaanza kupiga makofi. Baba, nimefurahi mpaka naumwa. Sasa hivi wote wanauliza habari za viatu vyako.

Mkuu wa kituo aliniinua, akaniuliza kwa upole ni nani kwetu huyo aliyekuwa mgonjwa.

Nikamwambia ni mdogo wangu, anakaa na baba.

Mwanao,
Jagoda