Ndege Iliyokalia Mkia

Siakago, 18 Februari 2024

Kwako Baba,

Bwana asifiwe. Huku tu wazima, ila jua linatumaliza. Mkono wa kulia unaendeleaje? Na ulimi? Daktari alisema uzungumze na watu, lakini simu hushiki, unasema sauti yako siku hizi inakuaibisha. Basi nakuandikia, kama ulivyotaka.

Dereva wa matatu atakuachia sanduku kwenye bucha ya Mutembei. Usicheke. Nilikuwa Nairobi kwa semina ya ofisi nikaiona dukani: ndege ya abiria ya kuunganisha, vipande vya plastiki pamoja na stika zake. Rangi na gundi nimenunua kando. Vidole vyako vinahitaji kazi ndogondogo, na tangu nikiwa mtoto nakukumbuka ukisimama uwanjani pale shuleni, chaki mkononi, ukitazama ndege ikipita kando ya mlima huku darasa linakungoja.

Sasa nisikilize. Tangu kile kiharusi cha Januari tunagombana kuhusu wewe kuja kuishi nami. Umekataa kila mara. Basi tupatane hivi: ukiiunganisha na kuipaka rangi kwa mikono yako mwenyewe, isimame mezani kwa magurudumu yake kabla ya likizo ya Agosti, nitaamini kwamba unaweza kuishi peke yako hapo Majengo, na habari ya kuhama sitaitaja tena. Ukishindwa, unakuja. Chumba kiko tayari.

Na Mutembei asikusaidie. Mikono yake ni ya kukata mbavu.

Binti yako,
Wambeti


Majengo, Meru, 3 Machi 2024

Kwako Mama,

Nakuita hivyo ingawa umenikosea, kwa sababu jina ulilobeba ni la mama yangu na kwetu hakuna namna nyingine ya kukuita. Natumaini hujambo na tangi lina maji. Mimi sijambo. Mkono unanitii asubuhi; ikifika saa sita unaanza kunijibu.

Nimekubali masharti yako. Lakini nikukumbushe jambo. Shamba letu la Siakago lilipopimwa likaandikwa kwa majina ya binamu za baba yangu, nani alifunga mizigo akaniambia tuondoke? Wambeti. Nani aliapa mbele ya watu kwamba hatakanyaga huko tena, akafa hapa Majengo bila kuvunja kiapo? Wambeti huyohuyo. Leo Wambeti ananitumia dereva kuniita nirudi. Mama, huoni haya?

Nimefungua sanduku. Vipande vimeshikana kwenye fremu, kila kimoja na namba yake, na vingine ni vidogo kuliko punje ya wimbi. Navikata kwa kikata kucha. Maelezo yameandikwa kwa lugha nisiyoijua, kisha yamejaa picha. Nimesoma vitabu maisha yangu yote, kwa hiyo picha sikuzitilia maanani sana.

Hasara ya kwanza imeshapatikana. Gundi yako ilikauka mdomoni mwa chupa, nikatumia supagluu. Kioo cha mbele kikaingia ukungu mweupe usiofutika. Rubani wetu ana mtoto wa jicho.

Mwanao,
Mugendi


Siakago, 17 Machi 2024

Baba,

Salamu nyingi. Barua yako niliisoma ofisini nikacheka mpaka wenzangu wakauliza kuna nini.

Nakujibu kwa ufupi. Aliyeapa ni Wambeti wa kwanza. Mimi ni wa pili, nililetwa Siakago na barua ya uhamisho, na sikuapa kitu. Na kama mimi ni mama yako, basi mama anasema: mwanangu, tazama picha. Zimechorwa kwa sababu.

Unakula? Mutembei ananiambia unanunua maini tu kila siku.

Mama yako,
Wambeti


Majengo, 21 Aprili 2024

Mama,

Pokea salamu, na kama mvua imefika huko mshukuru Mungu kwa niaba yangu, kwa sababu hapa imenyesha mpaka rangi inakataa kukauka. Afya ni ileile.

Nina habari na sipendi kuiandika. Mwili wa ndege huja kwa nusu mbili, kushoto na kulia. Nilizigandisha, nikazifunga kwa raba, nikaziba mshono kwa pasta ya kujazia nyufa na kuupiga msasa kwa majuma mawili mpaka kidole hakiuhisi. Kazi safi, najisifu. Nikatia mabawa, injini mbili, miguu na magurudumu. Jana nikaisimamisha mezani. Ikatulia kidogo kama inayofikiri. Kisha ikainua pua ikakalia mkia, kama mbwa anayengoja mfupa.

Nikaiweka tena. Ikakaa tena.

Mutembei alikuwa mlangoni. Akauliza, "Mwalimu, hiyo inaruka au inaomba?"

Ndipo nikarudi kwenye zile picha. Kabla nusu mbili hazijafungwa, mtu anatakiwa kutia uzito puani, la sivyo mkia unaielemea. Wameuchora uzito huo vizuri kabisa. Mimi nilidhani ni kengele, nikashangaa kengele ya nini ndani ya ndege, nikafungua ukurasa wa pili.

Sasa imefungwa, na gundi niliyotumia haifunguki. Nina hasira ya kupiga meza lakini nikipiga meza itaanguka.

Mwanao,
Mugendi


Majengo, 16 Juni 2024

Mama,

Hujambo? Hujanijibu, nadhani kazi ni nyingi. Mimi mzima wa mwili.

Nimekwenda kwa fundi wa magurudumu pale njia ya kwenda sokoni, akanipa vile vipande vya risasi wanavyobandika kwenye rimu ili gurudumu lisitikisike. Nikavikata vidogovidogo. Nikapasha msumari moto, nikatoboa tundu nyuma ya mguu wa mbele, nikaviingiza kimoja kimoja kwa kibanio, pamoja na gundi. Shughuli ya siku nzima, kwa mkono wenye tabia zake. Nikaisimamisha. Mama, ilisimama! Nilitoka nje kumwita Mutembei. Tuliporudi gundi ilikuwa imeachia, risasi zote zimebingirika mpaka mkiani, na ndege imekaa chini vibaya kuliko mwanzo. Ukiitikisa inalia kama kayamba. Nilipojaribu kuzirudisha, mguu wa mbele ukavunjika.

Hata rangi imenipiga. Nyeupe ya kwanza ilichuruzika. Nikaiondoa kwa msasa. Ya pili niliipulizia ndani ya katoni, nikafunga dirisha, na bado nzi mmoja alijua njia. Mutembei akasema abiria wa kwanza ameshapanda. Ya tatu ilitoka vizuri, ila moshi wa nyama choma unaingia chini ya mlango na naiona ikigeuka taratibu kuwa rangi ya meno ya mzee.

Agosti haiko mbali, najua. Usiniandikie kunikumbusha.

Mwanao,
Mugendi


Majengo, 14 Julai 2024

Wambeti,

Hujambo.

Leo mwenye nyumba amekuja bila kubisha hodi, na nyuma yake kijana mmoja na mke wake. Walipima ukuta kwa hatua ili wajue kitanda chao kitakaa wapi. Yule binti, mpole kabisa, aliniuliza kama ndege nitaiacha, maana ingependeza.

Mwenye nyumba anasema uliongea naye mwezi wa nne. Ulimwambia chumba kitakuwa wazi kufikia Septemba.

Mwezi wa nne nilikuwa bado napiga msasa. Kumbe hukumu ilikuwa imeshaandikwa, na mimi nilipewa plastiki nichezee wakati naingoja. Nimefukuzwa mahali mara moja katika maisha yangu, na waliofanya hivyo hawakuniletea zawadi kwanza.

Mugendi


Siakago, 11 Agosti 2024

Baba,

Natumaini hii itakukuta salama na kwamba utaisoma mpaka mwisho.

Ni kweli. Niliongea naye baada ya barua yako ya ndege kukalia mkia. Niliposoma nilijua hutamaliza, nikataka mambo yawe yamepangwa. Nilikosea, na nilikosea zaidi kwa kukuficha. Nisamehe.

Lakini na wewe niruhusu niseme. Siku ile ya Januari Mutembei alinipigia nikiwa kwenye mkutano. Nilikuja kupitia Embu sijui hata gari lilijaza mafuta wapi. Nikakukuta hospitalini mdomo umekwenda upande, na wewe unajaribu kunieleza kwamba sufuria imeachwa jikoni. Ulilala sakafuni tangu asubuhi mpaka mtu akaona ajabu kwamba Mwalimu hajaja kuchukua maini. Maini, Baba! Kama ungekuwa mtu asiyependa maini? Tangu siku hiyo simu ikilia naweka mkono kifuani kabla sijaishika. Wewe unaandika kuhusu nzi na kayamba, unanichekesha, na mimi nakunja barua nikijiuliza ni nani atakayekupitia kesho.

Nimemwambia mwenye nyumba asitoe chumba kwa mtu yeyote. Likizo ya Agosti imeshaanza, hatutaihesabu. Nitakuja wikendi ya Sikukuu ya Mashujaa, Oktoba, nione kwa macho yangu. Nitakachosema siku hiyo ndicho kitakachokuwa.

Binti yako,
Wambeti


Majengo, 22 Septemba 2024

Mama,

Nakusalimu. Nimekaa na barua yako muda mrefu. Habari ya simu sikuijua. Ulipaswa kuisema mapema, na mimi nilipaswa kuuliza. Sasa Mutembei anapiga kelele mlangoni kwangu kila asubuhi akielekea kazini, "Mwalimu, umeamka ama tuandae kaburi?", nami najibu kwa tusi. Ni mpango wetu. Nadhani utakutuliza kidogo.

Tukija kwenye ndege. Ulisema isimame kwa magurudumu yake, na nakiri haitasimama kamwe. Mguu wa mbele nimeugandisha mara mbili na mara mbili umeniaibisha. Lakini nimefikiri jambo. Ndege haitengenezwi ili isimame. Ile iliyosimama inangoja abiria au ni mbovu. Kwa hiyo nimeitoa miguu yote, nikaziba milango ya magurudumu kwa pasta na rangi. Risasi nimezitoa kwa kuitikisa kichwa chini, moja moja, na ilichukua subira ambayo sikuwa nayo. Nimetafuta mahali inapotulia sawasawa, nikaitoboa mgongoni, nikaitundika kwa uzi wa kuvulia samaki kutoka kwenye boriti.

Stika za madirisha ndizo zilizobaki. Ni utepe mmoja mrefu kila upande, unalowekwa kwenye maji ya vuguvugu kisha unatelezeshwa mahali pake. Wa kulia ulikubali. Wa kushoto ulikatika karibu na dirisha la tatu, nimeuunga, ukitazama kwa karibu utaona.

Hiyo ndiyo hoja yangu. Usipoikubali nitahama, na sitanung'unika kwa sauti.

Mwanao,
Mugendi


Siakago, 27 Oktoba 2024

Baba,

Asante kwa kunipokea. Nilifika salama, na maembe uliyonipa yaliiva yote siku moja.

Sikusema kitu nikiwa hapo kwa sababu nilitaka kufikiri njiani. Sasa nasema. Kioo cha mbele ni kibovu. Bawa la kushoto liko juu kidogo kuliko la kulia. Madirisha yameungwa na yanaonekana hata kwa mbali. Na sharti halikutimizwa, usinidanganye kwa maneno ya darasani.

Lakini sikuja kutazama ndege peke yake. Nilikutazama ukiwasha jiko, ukichuja chai, ukiibeba kutoka jikoni mpaka kwangu bila kuimwaga, huku unanigombeza kwamba nimenenepa. Nilimsikia Mutembei asubuhi, nikasikia na tusi lako. Ulimi umenyooka.

Kaa Majengo. Nimeongea na mwenye nyumba na nimemaliza. Sitalitaja tena, niliahidi.

Kile chumba nimempa Celina, mwalimu mgeni wa shule ya hapa, hakuwa na mahali pa kukaa. Sikuona sababu kiendelee kukaa bure.

Umeshinda.

Binti yako,
Wambeti


Majengo, 17 Novemba 2024

Mama,

Salamu kwako, na kwa huyo Mwalimu Celina. Mkono unaendelea vizuri, naweza kufunga vifungo vyote vya shati isipokuwa cha shingoni.

Nilidhani barua yako ingenifurahisha. Nilimsomea Mutembei, akanipongeza, akanipa kipande cha nyama juu ya kile nilichonunua. Nikarudi chumbani nikakaa chini ya ndege yangu, na sikujua la kufanya na ushindi wenyewe. Mvua ilikuwa inanyesha. Ndege ilizunguka kwenye uzi wake, upande wenye madirisha mazuri, kisha upande mwingine.

Nimegundua kwamba tangu mwezi wa pili unaniandikia kuhusu chumba kilicho tayari, na sikukuuliza swali hata moja kuhusu chumba hicho. Nilijibu tu. Sasa nauliza, kwa sababu hakuna linalotegemea jibu.

Dirisha lake linatazama wapi? Nyumbani kwetu, kabla ya mambo ya kupimwa, ukifungua mlango wa nyuma ulikiona kilima cha Kiang'ombe chote, mpaka miguuni. Mvua ilianzia hapo. Mama yangu, yaani wewe, alikuwa akisimama akihesabu ni nguo zipi atawahi kuanua. Sijawahi kumweleza mtu jambo hilo. Ninapofumba macho bado naona kilima kile kwa usahihi ambao sina kwa uso wa baba yangu.

Siulizi kwa sababu ya kuhama. Nataka kujua tu.

Mwanao,
Mugendi


Siakago, 24 Novemba 2024

Mwanangu,

Sisi wazima. Funga na hicho cha shingoni, baridi ya Meru haina urafiki.

Linatazama Kiang'ombe. Kitanda nilikiweka upande huo tangu Februari.

Celina anaondoka Desemba, shule zikifungwa. Jua limemshinda. Hajasema kama atarudi, na sijamtafutia mtu wa kuchukua nafasi yake.

Nami siulizi kitu.

Mama yako,
Wambeti