Mikono ya Gauni

Sasa hivi mwanangu Kabula amechota maranda kwa mikono miwili, akayatia kwenye ndoo ya maji ya kunywa, kisha akanitazama kama mtu aliyenipikia chai. Sijamgombeza. Maranda hayo nimeyaleta mwenyewe kutoka Lalago, na ndiyo yote niliyorudi nayo.

Jumamosi, jioni. Mawingu yamekaa juu ya Bariadi tangu asubuhi na mvua hakuna. Na mimi ni hivyo hivyo.

Kikundi chetu cha kukereza mbao leo tulikwenda kuona kiwanda cha kupasua magogo na karakana yake. Zamani ilikuwa ya ushirika, sasa ni ya mtu binafsi, na mashine zote ni za umeme. Sisi hapa tuna moja tu ya kukanyaga kwa mguu, tunapokezana watu tisa. Fundi mkuu wa kule alikuwa ametuahidi kwamba kila mmoja wetu atakereza mguu wa kigoda, halafu yeye atachagua wawili wa kurudi kujifunza mwezi mzima, bure.

Nafasi ile niliitaka mpaka usingizi ukanikimbia. Siku hizi sokoni viti vya plastiki vimejaa, kigoda kisicho na kazi nzuri hakuna anayekigeukia.

Mwenyekiti wetu alisema tunakwenda ugenini, tuvae vizuri. Kwetu huwezi kuingia kwa watu na matambara. Basi wanaume wakaja na makoti na tai, utadhani tunakwenda kuposa. Mimi nikavaa gauni la kitenge la mikono mipana, lile la ubatizo wa Kabula.

Fundi alitutazama, akatikisa kichwa. Akasema mashine ikishika nguo haiachii, inavuta mpaka mkono. Wanaume wakavua makoti na tai, wakanirundikia mikononi.

Mimi ningevua nini?

"Shemeji, wewe tulindie makoti," akasema Doto, yule mcheshi wetu. "Kila safari ina mama yake."

Wote wakacheka. Nami nikacheka. Hapo ndipo panaponiuma.

Nilikaa juu ya gogo nikawatazama. Doto alikandamiza patasi kama anachimba muhogo, mguu wake wa kigoda ukatoka na kiuno cha nyigu. Mikono yangu ilikuwa inaniwasha. Mwisho fundi akamchagua mmoja tu. Nafasi ya pili, akasema, hajaona mtu wa kumpa.

Nikaendelea kushika makoti yao.

Sasa niseme ukweli, maana hapa daftarini simdanganyi mtu. Mlangoni pa karakana, kwenye msumari, palining'inia ovaroli. Niliiona tangu tunaingia. Ningeomba tu. Nilihofia watasema huyu mwanamke amezidi, basi nikameza maneno. Wao hawakunizuia sana kama nilivyojizuia mwenyewe.

Njiani kurudi nililia kidogo, nikasingizia vumbi.

Lakini nimeshachukua mkasi. Mikono ya gauni nimeikata yote miwili, Kabula ameuvaa mmoja kichwani kama kofia. Jumatatu napanda gari la kwanza kwenda Lalago, peke yangu. Nitamwambia fundi mguu wangu wa kigoda bado sijaukereza, naomba patasi. Akisema siku ya wageni imeshapita, nitamwambia kwamba mimi si...

Mama mkwe ananiita. Ameona kofia ya mtoto.