Uyoga Niliouamini

Jumatatu, mchana. Mvua inanyesha tangu alfajiri na ziwa halionekani kabisa. Naogopa.

Naongea na simu, yenyewe inaandika. Siku zote mjukuu wangu Oliva ndiye husahihisha kabla hamjasoma maneno yangu. Leo yasomeni hivyo hivyo. Oliva amelala kwenye benchi la zahanati, kichwa chake kiko mapajani mwangu.

Mimi sikusoma. Kwetu ni juu milimani, upande wa Litembo, kwenye kahawa na mashimo yetu ya ngolo, yale tunayochimba mteremkoni mvua isibebe udongo. Nimeteremka huku Nyasa kwa sababu Oliva ana mimba yake ya kwanza na mumewe yuko safarini.

Jana alinisomea habari za mwanafalsafa mmoja wa zamani, Mzungu. Anasema yote tunayoyajua yaliingia kwa macho, masikio, ulimi na ngozi. Na chakula kilichotushibisha jana hakijatuapia kwamba leo hakitatudhuru. Tunaamini kwa mazoea tu. Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikamwambia Oliva huyo bwana alikosa mke wa kumtuma kuni.

Leo asubuhi nikaona uyoga kwenye kichuguu nyuma ya nyumba. Kofia ile ile, shina lile lile, harufu ile ile ya kwetu. Nikauosha, nikaupika kwa karanga. Oliva akauliza kama nina hakika. Nikamjibu nilianza kuula kabla mama yake hajazaliwa, kwa hiyo ale anyamaze.

Akala. Akaongeza.

Mara jirani yetu, Mama Tumaini, akaja na dagaa. Akaniamkia vizuri, kisha akaona mabaki kwenye beseni, akasimama.

"Bibi, huo sisi huku hatuuli."

"Nani aliula akafa?"

"Sijui, bibi. Hatuuli tu, tangu zamani."

Hajui! Hakuna aliyekula, basi hakuna aliyekufa. Yeye ana mazoea yake, mimi nina yangu, na katikati yuko Oliva na kilichomo tumboni mwake.

Nikamkokota hadi hapa na mvua yote ile. Nesi ameutazama uyoga uliobaki. Sumu nyingine huchelewa, anasema. Tukae mpaka kesho, dalili zikianza tutapelekwa hospitali. Mimi nimekula chungu kile kile na tumbo langu limetulia. Sijui kama hiyo ni habari njema au ndiyo huko kuchelewa.

Kule juu sijawahi kukosea hata mara moja.

Hilo ndilo linalonitisha. Nilijua uyoga wa mlima wangu, nikadhani najua uyoga.

Sasa hivi Oliva kafumbua macho, anasema, "Bibi, yule mwanafalsafa naye, pamoja na maneno yake yote, mkate alikuwa anakula." Nikamwambia afunge mdomo apumzike, nikamfunika kanga yangu. Aliposinzia tena ndipo nikalia.

Hata pumzi yake naiamini kwa mazoea: imetoka, itaingia tena. Kila ikitoka, nangoja.

Kesho kukicha, akiamka na kuniambia shikamoo, hapo nitajua. Leo naamini tu, na mkono wake siuachii.