Mama, Hukuwa Umekula

Mama, sasa.

Najua ulikuwa unachukia hiyo salamu. "Sasa ni ya makanga wa matatu, mimi ni mama yako." Lakini nimekaa hapa na kalamu tangu nimalize kufua nepi na sijapata ingine. Nikuulize habari? Karibu miezi saba sai uko kwa mchanga, utaniambia nini? Wacha niseme tu sasa, unikasirikie huko uliko. Hata hiyo hasira yako nimeimiss.

Nilizaa, Mama. Ni msichana. Uliniacha na tumbo ya miezi nne, ukasema ni kijana kwa sababu nilikuwa nakula udongo ya ukuta. Ulikosea. Ana wiki saba leo, na ako hapa kwa miguu yangu, amenyamaza. Hiyo kunyamaza yake ndiyo inafanya nikuandikie. Nitafika huko, usiniharakishe. Unajua mimi huanzia mbali.

Bado tuko Kabiria, hiyo nyumba moja ya mabati. Juma wangu bado ni ule ule, bado anasema "itakuwa sawa" hata kama mvua inanyesha kwa kitanda. Mjengo yao ya Upper Hill ilisimama. Kontrakta aliwaambia waende nyumbani wataitwa, na mpaka leo hawajaitwa. Kila asubuhi anaenda kusimama kwa hiyo geti na koleo yake, anarudi saa nne na vumbi ya wengine.

Kwa hivyo ni mimi. Na mimi niko livu ya uzazi, nusu mshahara.

Nilijaribu kubishana, usidhani niliingia kama kondoo. Kuna gazeti ilikuwa imefunga nyama, nikaisoma, ikasema mama akizaa analipwa yote. Nikaikata, nikaipeleka dukani, nikaiweka kwa meza ya bosi. Si unamjua bosi, ule kijana wa pili wa Biji, mhindi ulikuwa unamfanyia kazi ya nyumba, huyo kijana ulimbeba kwa mgongo huko Parklands mpaka akaanza shule. Aliisoma polepole. Akasema, "Nafula, hii ni ya wenye wako na barua ya kazi. Wewe barua yako iko wapi?" Sina. Miaka tatu napima vitambaa kwa hiyo duka, nimejifundisha kompyuta yake wakati ameenda kula lunch, stoku yote ni mimi najua iko wapi, na barua sina. Akasema, "Nusu nakupatia ni heshima ya mama yako. Mwingine ningeambia aende tu."

Heshima yako, Mama. Shilingi elfu tatu kwa mwezi.

Lakini unanijua. Mimi nikipewa shida naona kama ni mtihani. Nilinunua kaunta buku, nikachora laini na rula, nikaandika juu: nyumba, maji, mafuta taa, unga, sabuni, mtoto, Juma, mimi. Nyumba ni elfu moja mia tano na haisikii maneno. Mtoto nikaapa haguswi. Juma anatembea mpaka Upper Hill kwa miguu, lazima ale. Zingine zote nikaanza kukata. Maji ya kuosha vyombo inarudi kuosha sakafu. Mafuta taa ya kumi bob badala ya ishirini, maharagwe naloweka toka jana yake iive haraka. Mama, nilikuwa moto! Nilikuwa naona nikitoka livu nitafundisha wamama wa ploti nzima. Na kila wiki ikikataa kutosha, kulikuwa na laini moja tu haikuwa inapiga kelele ukiikata.

Hiyo ya "mimi".

Wiki ya kwanza nilitoa lunch. Wiki ya pili nikatoa maziwa kwa chai, nikabaki na strungi. Wiki ya tatu nikaandika sufuri hapo, na nikaangalia hiyo sufuri nikajipongeza. Walahi nilijipongeza. Juma akiuliza, "Na wewe sahani yako?" namwambia nilikula mapema, nikiwa naonja. Yaani sikujua hiyo sauti nimeitoa wapi.

Mwisho wa mwezi nikaenda tao, kwa duka, kuchukua nusu yangu. Biji alikuwa amekaa hapo kando ya tili ya pesa na shali yake nyeupe, mzee sana siku hizi, macho imeingia ndani. Alishika uso yangu na mikono mbili, akalia kidogo juu yako. Halafu akatoa debe ya biskuti kwa mfuko. Ndani haikuwa biskuti. Ni ile kitu wanapikia wamama wao wakizaa, panjiri, unga wa ngano imekaangwa kwa samli mpaka ikawa kahawia, na sukari na lozi na vitu sijui majina. Nilivuta harufu yake mara mbili. Akaniambia, "Hii wewe nakula. Kila siku kijiko mbili na maziwa moto. Hapana patia bwana. Hapana patia jirani. Hii ndio nafanya maziwa ya mtoto."

Nilimsikia. Sitadanganya ati sikusikia. Lakini nilidhani ni mambo ya kabila yao, vile sisi tuko na yetu. Na nikaangalia hiyo debe, nikaona hesabu.

Nilifika nyumbani nikaiviringisha vipira vipira, nikapelekea Mama Kevo, jirani yetu mwenye kuuza mandazi kwa geti. Auze shilingi tano kila moja. Mama Kevo akaonja akapiga kelele, "Weh! Hii ni ya mbinguni ama ni ya wahindi?" Siku mbili ikaisha yote. Watoto wa shule walikuwa wanarudi wanauliza kama iko ingine. Nikaandika kwa kaunta buku na biro nyekundu, "mapato mengine". Nililipa maji, nikanunua sabuni, na nikaanza kuota biashara. Hata jina ya biashara nilikuwa nayo. Sikuonja hata kimoja, Mama. Kile kilibaki kwa kona ya debe nilikiosha na maji, nikamwaga.

Halafu mtoto akaanza kulia.

Si kulia ya kawaida. Ananyonya, anaachilia, anapiga kichwa kwa kifua yangu kama mtu anabisha mlango. Mchana wote. Juma akaflashi Shangazi Roselyn huko nyumbani, na Shangazi, juu hana kredo, akaenda kwa simu ya soko akatupigia. Hakungoja hata nisalimie. "Mmeita huyo mtoto nani?" Nikasema Joy. "Joy! Joy ni wa kwa nani? Huyo ni mama yako anadai jina. Mtoto analilia jina na nyinyi mnampatia kizungu! Mwiteni Nekesa, mtaona."

Tulifanya vile inafanywa. Nikaweka titi kwa mdomo yake, tukataja majina moja moja. Nikataja ya nyanya yake Juma, akakataa. Nikataja ya dada yako, akakataa. Nikasema yako, Nekesa. Akashika. Akanyonya, Mama, akinyonya anaangalia hivi, kwa upande, vile ulikuwa unaangalia mtu anakudanganya bei sokoni. Nilipiga nduru. Juma alipiga magoti. Tukasema, Mama amekuja.

Na kesho yake hakulia. Kesho kutwa hakulia. Nilikuwa natembea kwa ploti na kifua mbele. Nikaambia Mama Kevo, "Si umesikia vile kumenyamaza? Huyo ni mama yangu, hakuwa mtu wa kelele." Nilikuwa na furaha, hiyo furaha sasa ndio inaniua.

Kwa sababu hiyo kesho kutwa ilikuwa kliniki ya wiki sita. Sista alimweka kwa mizani, akaandika kwa kadi, akachora laini. Laini ya wengine inapanda kama ngazi. Yetu ilikuwa imelala halafu ikaangalia chini. Nikaanza kumwelezea haraka haraka ati alikuwa analia, sasa tumempa jina ya nyanya yake ameacha, ametulia kabisa. Sista akabonyeza ngozi ya tumbo ya mtoto, ikabaki imesimama. Akasema polepole, "Mama, huyu hajatulia. Amechoka. Hana nguvu ya kulia."

Sikusikia vizuri. Nikamwambia arudie. Akarudia.

Halafu akaniuliza, "Wewe umekula nini leo?" Na mdomo yangu ikajibu kabla nifikirie: "Nimekula." Akavuta ngozi ya chini ya jicho yangu na kidole, akaangalia rangi. "Sijauliza kama umekula. Nimeuliza umekula nini." Nikatafuta kitu ya kutaja. Nilikuwa na kaunta buku kwa mfuko, kila kitu imeandikwa mpaka kiberiti, na sikuwa na kitu moja ya kutaja. Mtoto haguswi, ndio nilikuwa nimeandika. Mtoto haguswi! Na chakula yake ilikuwa wapi kama si mimi? Mimi ndio nilikuwa sufuria yake, Mama, na nilikuwa nimeandika sufuri hapo na rula.

Akasema turudi baada ya wiki moja. Kama hajapanda ataandika barua twende ile hospitali kubwa. Wewe unajua hiyo hospitali. Ndio tulikutolea huko.

Nilitoka kliniki nikaenda tao moja kwa moja, na mtoto kwa mgongo, kuomba bosi anipatie kidogo ya mwezi unaokuja. Alisema hapana. Alisema vizuri, lakini ni hapana. Biji alikuwa hapo. Akauliza, "Panjiri naisha?" Nikasema imeisha. Akafurahi, akapiga makofi kidogo. "Nafula mzuri! Yote nakula?" Nikaanza kukaza leso ya mtoto. Aliniangalia mpaka akajua.

Hakunigombesha. Ingekuwa heri angenigombesha. Alisema, "Kama mama yako. Sawasawa kama mama yako." Nikauliza kama wewe aje. Akaniambia. "Kila siku mchana mimi napatia yeye chapati, dengu. Yeye nasema, Biji, nitakula baadaye. Yeye nafunga kwa karatasi, naweka kwa kikapu yake. Miaka kumi na tisa mimi naona. Mimi nanyamaza. Mimi nasema, yeye iko na watoto."

Chapati za Parklands, Mama.

Tulikuwa tunazingoja kwa mlango. Zimekuja baridi, zimekunjwa kwa gazeti, herufi zingine zimeshika kwa mafuta. Tulikuwa tunapigania ile kubwa. Na wewe unakalia kitanda, unatoa viatu, unatuangalia, unasema, "Kuleni, kuleni, mimi nilikula kwa kazi." Kila siku. Hatukuwahi kukuuliza ulikula nini kwa kazi. Zilikuwa zinaisha, nalamba mpaka karatasi, na hiyo karatasi ndio ilikuwa imebeba lunch yako. Daktari alisema kitu ilikuua ni alsa ya tumbo ya miaka mingi. Nilidhani "miaka mingi" ni maneno tu ya daktari. Kumbe ni sisi.

Nimekukasirikia, Mama. Nilitaka barua hii iwe ya kulia tu lakini nimekukasirikia. Ulinifundisha kufua, kusali, kuficha pesa ya nyumba ndani ya Biblia. Na hii pia ulinifundisha, bila kusema. Niliishika vizuri kuliko zote.

Biji aliitisha glasi ya maziwa, akasema, "Kunywa hapa. Mbele yangu." Nikakunywa. Na unajua nilikuwa nafikiria nini nikikunywa? Vile nitatoka na hiyo glasi niipelekee Juma nusu.

Hiyo ilikuwa wiki jana. Sasa ni mchana, kliniki ni kesho. Livu yangu imebaki siku kumi, baada ya hapo sijui nani atamshika huyu mtoto nikipima vitambaa. Juma alikopa omena na unga kwa duka, na Mama Kevo ananiletea kikombe ya uji kila asubuhi, anasimama hapo mpaka nimalize, kama askari. Nakula. Maziwa imeanza kurudi ama ni mimi nataka sana, siwezi kujua. Nimemwangalia tangu asubuhi. Amenyamaza. Sijui hii ni kunyamaza gani. Nikipeleka sikio karibu nasikia pumzi, natoa, narudisha tena.

Mama, sikiliza. Kama ni wewe ulikuja, umekuja, jina tumekupatia na hatukunyang'anyi. Chukua jina. Mtoto niachie. Nakuomba kama mtu na mtu, si kama mtoto wako: usimshike mkono uende naye. Kama unaona upweke huko, vumilia, vile ulivumilia huku.

Mimi nitakuahidi kitu moja, na si ya kaunta buku. Nitakula kwanza, nikikalia hii kitanda, Nekesa akiniangalia. Kama kuna chapati moja itakatwa, na yangu nitaila mbele yake. Na siku atafika miaka ya kuuliza, "Mama, umekula?", kama sijakula nitamwambia sijakula.

Lala sasa. Amegeuza kichwa, anatafuta titi. Omena iko kwa sahani. Wacha nile.

Ni mimi, Nafula wako.