Baba Mkwe kwenye Somo la Uzazi

Bitutu, acha chochote unachofanya. Nyakerario ametoka ofisini kule Nyanchwa sasa hivi, mpaka saa hii hasira hazijamwisha.

Unalijua lile somo la kupanga uzazi aliloandika kama muuguzi, la kuwekwa kwenye intaneti? Leo ameitwa aone picha alizochagua Geoffrey. Yule anayejiita mtaalamu kwa sababu anajua kuwasha kompyuta!

Maandishi yakatokea kwanza: "Mume na mke wakipanga uzazi." Halafu picha ikaanza kushuka polepole kwenye skrini, unajua intaneti ya hapa. Kofia. Nyakerario akaijua hiyo kofia. Masharubu. Kisha, pembeni, uso wa Nyakerario mwenyewe, anacheka!

Baba mkwe wake, Bitutu! Mzee Ratemo! Mtu ambaye hata kumpa mkono ni mwiko!

Ni ile picha ya harambee ya kanisa. Umati mzima ulikuwepo. Geoffrey akawakata wote, akabakiza hao wawili. Ati mume na mke! Na si mgeni wa mila zetu, amezaliwa Manga huyu!

Unajua alijitetea vipi? "Sista, mwanga ulikuwa mzuri. Na watakaosoma wako mbali, hawatajua."

Hawatajua!

Nyakerario akavuta kiti, akamwambia kwa sauti ya chini kabisa, "Sawa. Basi toa hii, uweke ya mke wako na baba yako. Si hawatajua?"

Kabla Nyakerario hajaketi vizuri, Geoffrey alikuwa ameshaifuta picha.