Nusu ya Wifi

3 Machi

Mwanangu mpenzi,

Hujambo, na hicho kibarua cha kantini kinakwendaje? Mimi nimeamka vizuri, ila nimechanganyikiwa. Kile kikohozi kilichonikondesha, zahanati wamesema ni kifua kikuu. Wamenipa dawa za miezi sita. Nimemeza wiki chache tu, kikohozi kimekata, nakula kama sina akili nzuri. Sasa mtu mzima wa afya anameza dawa za nini?

Usiwe na wasiwasi, hazipotei bure. Shangazi yako naye anakohoa, hasa tukiwa karakana, yeye anajaza sufi kwenye magodoro na mimi nashona. Kwa hiyo kila asubuhi namgawia nusu. Unatujua. Tangu niolewe na kaka yake, hata kitambaa cha pazia tulikikata katikati.

Mama yako

19 Machi

Mama, shikamoo.

Mimi mzima. Barua yako nimeisoma nimesimama jikoni, uji ukaungua. Mama, acha kugawa! Nesi wa hapa kazini anasema vidudu vya kifua kikuu vikipigwa nusunusu havifi, vinaizoea dawa. Vinazoeaje, hata mimi sielewi vizuri. Lakini kikohozi kukata si kupona. Meza zote mpaka mwisho, fungua madirisha, ukikohoa ziba mdomo. Shangazi akapimwe makohozi yake mwenyewe.

Naogopa kukupoteza, Mama. Nijibu upesi.

Mwanao

2 Mei

Marahaba, mwanangu.

Sijambo kidogo. Nilimwambia shangazi yako akapimwe, akanuna. "Leo wifi umekuwa mchoyo hata wa dawa?" Siku nzima tumefanya kazi bila salamu, karakana kama msibani. Nikashindwa, nikamrudishia nusu yake.

Sasa kikohozi kimenirudia, na usiku natoka jasho mpaka shuka linalowa. Dawa ni zile zile. Mbona mwanzo zilinisaidia? Zimechacha, au mimi ndiye nimechacha? Niambie wewe uliyesoma.

Mama yako

11 Mei

Mama,

Shikamoo. Usiniulize mimi, nimesomea mapishi! Nenda zahanati leo hii, mwende wote wawili, mseme ukweli wote. Shangazi akinuna, mwambie aninunie mimi.

Mwanao

28 Juni

Mwanangu,

Nisamehe kwa kimya, najua umekosa usingizi. Ulivyosema ndivyo. Vidudu vimeizoea dawa. Nimeanzishiwa nyingine, kali zaidi, na safari yake ni ndefu. Daktari anasema nitapona nikishika masharti, ila uso wake sikuuelewa.

Na shangazi yako? Hana kifua kikuu. Hakuwahi kuwa nacho. Ni vumbi la sufi tu, kaambiwa afunge kitambaa puani. Sijui nicheke au nilie.

Yeye alilia kunishinda. Siku hizi kila asubuhi anakaa nje ya dirisha, ananisimamia. Nikimeza, ananiambia, "Fungua mdomo. Inua ulimi." Mimi, mke wa kaka yake!

Jana dawa zilinichafua tumbo, nikamwomba aniache nizipumzishe siku moja tu. Akatikisa kichwa, machozi yanamtoka.

"Tumegawana kila kitu, wifi. Hiki siwezi kukumezea."

Nimemeza.

Mama yako