Mahali pa Kufika kwa Gari

Mpendwa Baba Aika,

Yaliyosemwa kuhusu kaburi lako yamesemwa hadharani: kanisani, kwenye makundi ya simu, hata kwenye ubatizo mmoja ambako mimi nilikuwa nimekwenda kula wali tu. Kwa hiyo nami nakuandikia hadharani. Wanasema mwanamke mwenye mdomo amemnyima mumewe udongo wa kwao. Wanasema Mchaga hazikwi kwenye theluji. Wewe unajua ilivyokuwa, maana siku ile safarini usukani ulikuwa mikononi mwako.

Safari yenyewe nayo ilisemwa. Tulipowaambia wenzetu wa huku Marekani, wa Minneapolis na Saint Paul, kwamba mwaka ule hatuendi Moshi, tunawapeleka watoto Ugiriki, kwenye kisiwa cha Naxos, walicheka. "Likizo ya Kizungu hiyo. Mna nani huko?" Hatukuwa na mtu, na hiyo ndiyo ilikuwa hoja yangu. Muuguzi anayekesha wodini kama ulivyokesha wewe ana haki ya kwenda, walau mara moja maishani, mahali ambapo hakuna anayemsubiri na shida. Nilisema hivyo mbele ya wazee wa kanisa, nawe ukawa unanivuta kitenge chini ya meza ili ninyamaze. Sikunyamaza.

Gari tulilokodi bandarini lilikuwa dogo, jeupe, la gia za mkono. Mwanao Elia akauliza, kwa hicho Kiingereza chake, kanyagio la tatu ni la nini. Ukamcheka, wewe uliyejifunzia udereva kwenye Landrova ya dayosisi. Kisha ukakanyaga klachi, na mkono wako wa kushoto ukaenda kutafuta gia, ukakuta mlango. Nyumbani gia iko kushoto. Minnesota miaka yote umeendesha otomatiki, na mkono ule ulikuwa umelala tu pajani. Naxos ndiko ulikoamka. Kila ulipotaka gia ya pili, ulibonyeza kitufe cha mlangoni na dirisha likashuka.

"Baba Aika," nikakuuliza kwenye kona ya tatu au ya nne, "tunapanda mlima au tunauza karanga?"

"Kama unataka kuendesha, sema."

"Sitaki kuendesha. Nataka kufika."

Watoto walikuwa nyuma, wameziba masikio kwa muziki wao, kila mmoja na dirisha lake. Tulipita mizeituni, kuta za mawe, mbuzi waliosimama barabarani kana kwamba wao ndio waliolipia kodi ya gari. Mashamba yalipanda mlima kwa ngazi, na ukasema hii ni Machame iliyonyimwa mvua. Nilikutazama ulivyosema hivyo. Uso wako ulikuwa umelegea kama ambavyo sikuwahi kuuona ukilegea tangu tuhamie Richfield, huku Minnesota.

Kwenye kijiji kimoja cha juu injini ilianza kunuka, tukasimama ipoe karibu na kanisa. Watoto walibaki garini. Nyuma ya kanisa kulikuwa na makaburi machache, na pembeni yake chumba kidogo, mlango wazi. Ndani kulikuwa na rafu, na juu ya rafu masanduku madogo ya mbao na ya bati, kila moja na jina na picha. Mwanamke wa rika letu alikuwa anatia mafuta kwenye taa. Kwa Kiingereza cha kuokoteza alitueleza kwamba mlima ule ni mwamba, nafasi ya kuzikia ni ndogo. Baada ya miaka kadhaa maiti hufukuliwa, mifupa ikaoshwa kwa divai, ikawekwa mle. Akagusa sanduku moja.

"Mama yangu," akasema. "Nilimwosha mwenyewe."

Mimi nilirudi nyuma hatua moja. Wewe ulivua kofia, ukamwomba ruhusa ya kutazama, ukatazama picha moja baada ya nyingine, polepole, kama unavyosalimia watu msibani.

Tulipotoka ukaniambia jambo ambalo katika miaka yote ya ndoa hukuwahi kuniambia. Wazee wa ukoo wenu, kabla ya kanisa, walifanya vilevile. Mtu alizikwa, na baada ya muda fuvu lake likafukuliwa na kuwekwa kihambani, kwenye shamba la migomba la ukoo, kati ya majani ya masale, mmea wa heshima wa Wachaga, ili awe karibu na walio hai. "Wamisionari wakatuambia hilo ni giza," ukasema. "Hawa wana msalaba mlangoni." Mimi nilikuwa nawaandikia wamisionari hao makala za hasira tangu nikiwa chuo. Ulikuwa umenimalizia makala kwa sentensi mbili.

Tukarudi garini. Ulikaa na ufunguo mkononi bila kuwasha.

"Mimi mnizike mahali watoto wanapoweza kufika kwa gari," ukasema. "Siku ya kawaida. Bila kuomba likizo kazini."

"Unaniambia mimi? Waambie ndugu zako."

"Nitawaambia."

Ukawasha gari, dirisha likashuka, tukateremka mlima.

Hukuwaambia. Sikulaumu, nani ana haraka ya mazungumzo kama hayo? Moyo wako ukasimama katikati ya baridi, ukiwa na umri ambao watu wanapanga kustaafu, na kaka yako mkubwa akapiga simu kabla sijajua nimevaa nini. Kihambani, pembeni ya mama yenu, pameachwa nafasi yako tangu zamani. Alinieleza kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. Nikamwambia ulichosema Naxos.

"Shemeji," akasema, "hayo umeyasikia na nani?"

"Nimeyasikia mimi."

"Wewe ni mtu wa kuandika. Wewe ukitaka jambo liwe, linakuwa."

Nimebishana na maaskofu, na wabunge waliokuja huku kutupa ahadi za maneno matupu, na wanaume waliojenga majumba huko nyumbani ambamo hakuna anayelala. Wote niliwajibu. Huyu sikuweza kumkasirikia. Maana alikuwa na haki ya kuuliza. Kwa miaka nimeandika kwamba tuache kuwasafirisha wafu wetu kama mizigo huku watoto wao wakibaki bila mahali pa kusimama walie. Na sasa mume wangu, kwa bahati nzuri kabisa, alikuwa amesema ninachokiandika, na aliyekisikia ni mimi tu.

Aika alikuwa amekaa kwenye kapeti, simu ikiwa kwenye spika. Unajua binti yako: anasemeshwa Kiswahili, anajibu Kiingereza. Akasogea.

"Baba mkubwa, shikamoo," akasema. "Mimi nilisikia. Nilikuwa nyuma. Simu yangu ilikuwa imeisha chaji. Baba alisema tumzike mahali tunaweza kufika na gari. Siku ya kawaida. Alisema hivyo."

Kaka yako akaitikia salamu kwanza.

"Marahaba, mwanangu," akasema. Kisha: "Basi fanyeni alivyosema."

Kwa hiyo upo hapa, na watoto wanakuja, kama ulivyotaka. Aika hupita akitoka kazini Bloomington, bado amevaa beji ya dukani. Elia huenda peke yake na haniambii. Nimemwona mara mbili, gari limewashwa, amekaa ndani, anakutazama kupitia kioo. Kwa hilo sijutii, na wanaoendelea kusema waendelee.

Ila kuna jambo sikulijua nilipokuwa naandika zile makala. Juzi kaka yako alipiga tena, kutusalimu tu. Akasema bado majirani wanamuuliza habari zako, wengine hawajasikia, na kabla hajajizuia anajikuta amewajibu: ndugu yangu yuko Marekani. Sikumbishia. Ni kweli, uko Marekani. Kwake umebaki pale pale ulipokuwa kwa miaka yote, mbali, na siku moja unaweza ukaja. Mimi ndiye ninayepita karibu nawe kila asubuhi nikienda kazini, naona jiwe, naona jina, na sina mahali pa kukuweka isipokuwa hapo.

Pumzika, Baba Aika. Theluji imeanguka tena. Wakishasafisha barabara nitakuja.

Mkeo,
Mama Aika